Nyota ya Samawati na Mwenzake Asiyeonekana

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza habari za nyota moja iliyo mbali sana, isiyoweza kuonekana kwa macho matupu, pamoja na habari za mwenzake, ambaye nuru yake mwenyewe hakuna darubini iliyopata kuiona. Huenda msikilizaji akauliza: kitu kisichoonekana, chajulikanaje kuwa kipo? Swali hilo ni la haki kabisa. Ndilo lililowashughulisha wenye elimu ya falaki kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi. Na katika kulijibu, pwani yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu yake, hata neno moja la lugha yetu likaingia katika vitabu vya elimu hiyo duniani kote.

Kwanza na tuitafute nyota yenyewe. Mwanzoni mwa Septemba, yapata saa tatu za usiku, mtu akisimama mahali pasipo taa na kuelekea upande wa kaskazini, ataona nyota zilizojipanga mfano wa msalaba ndani ya ule mkanda mweupe uvukao mbingu. Waarabu wa kale waliliita kundi hilo Dajaja, yaani kuku, na nyota yake ing'aayo kupita nyingine wakaiita mkia wa kuku. Wazungu walimwona ndege mwingine pale pale, bata maji mwenye shingo ndefu, wakaliita kundi Cygnus. Nyota yetu imo shingoni mwa ndege huyo. Anayetaka kuiona hana budi kutumia darubini, ijapokuwa darubini ndogo yatosha.

Haina jina la heshima kama Kilimia, ambacho wakulima wengi wa nchi zetu walikitazama ili kujua majira ya kulima. Ina namba tu: HDE 226868. Namba hiyo yatoka katika orodha kubwa ya nyota iliyotengenezwa katika chuo cha Harvard, Marekani, ambayo nyongeza yake ilitolewa kati ya mwaka 1925 na 1936. Aliyezichunguza nyota hizo kwa mamia ya maelfu katika picha za vioo, moja baada ya moja, akizipanga kwa aina ya nuru yake, alikuwa mwanamke, Bibi Annie Jump Cannon, ambaye masikio yake yalikuwa karibu hayasikii kabisa. Sisi tulio walimu twapenda kumtaja, kwa kuwa kazi ya namna hiyo husahauliwa upesi na wale waitumiao. Nyota hii iliandikwa, ikapewa namba, ikaachwa. Kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na sababu ya kuitazama mara ya pili.

Ni nyota ya aina gani? Mtu aliyepata kusimama penye ukumbi wa mhunzi ajua ya kuwa chuma kikiingia motoni huanza kuwa chekundu, kisha cha manjano, kisha cheupe. Lau mhunzi angeweza kuzidisha moto kupita hapo, chuma kisigeuke mvuke, angekiona kikielekea rangi ya samawati. Nyota nazo ni hivyo hivyo. Uso wa Jua letu una moto wa kadiri ya digrii 5,500. Uso wa nyota hii wazidi digrii 30,000, ndiyo maana ni ya samawati. Kwa uzito ni kama Majua 40. Kwa upana yalipita Jua letu mara 20 na zaidi, na nuru yake ni sawa na nuru ya Majua mamia ya maelfu. Ikiwa sisi twaiona hafifu, sababu ni umbali tu: nuru, iendayo kilomita 300,000 kwa sekunde moja, hutumia miaka 7,000 na zaidi kutoka kwake hata kwetu. Majitu ya namna hiyo ni machache mbinguni, na maisha yao ni mafupi, kwa kuwa huila akiba yao kwa pupa. Huishi miaka milioni chache tu, hali Jua letu limepewa maelfu ya mamilioni.

Tena nuru yake haitulii. Katika muda wa siku 5.6 huongezeka na kupungua mara mbili, kwa sehemu chache tu katika mia, kiasi ambacho jicho peke yake lisingetambua. Sababu yake ni kwamba nyota hii haikuviringana kama chungwa. Imevutwa upande mmoja hata ikapata umbo la yai. Na kwa kuwa yazunguka, mara twauona ubavu wake mpana, mara twaiona ncha yake iliyo nyembamba. Basi ni nani aivutaye?

Ili tupate jibu, yatupasa kurudi nyuma hata mwaka 1783, katika nchi ya Uingereza. Katika kijiji cha Thornhill, Yorkshire, palikuwa na kasisi mmoja aitwaye John Michell, mtu aliyependa sana hesabu na elimu ya viumbe. Huyo alimwandikia rafiki yake Henry Cavendish barua ndefu, nayo ikasomwa mwezi wa Novemba mwaka ule mbele ya chama kikuu cha wataalamu katika mji wa London. Michell alijua, kama Newton alivyofundisha, ya kuwa jiwe likirushwa juu hurudi chini, na ya kuwa lau lingerushwa kwa mwendo mkali wa kutosha lisingerudi tena. Akauliza: je, nyota ikiwa kubwa mno, nuru yake haitarudi chini kama jiwe? Alipopiga hesabu aliona kwamba huenda ziko nyota kubwa ambazo nuru yao haiwezi kutoka, na kwa hiyo sisi hatuwezi kuziona kamwe.

Wazo hilo peke yake lingekuwa kama hadithi ya kustarehesha wageni. Lakini Michell aliongeza neno jingine, na kwa maoni yetu hilo ndilo lenye thamani kupita la kwanza. Alisema kwamba ikiwa nyota ya namna hiyo ina mwenzake ang'aaye, azungukaye kando yake, basi mwendo wa yule aonekanaye utatupa habari za yule asiyeonekana.

Wanafunzi na wafikiri juu ya watoto wawili washikanao mikono na kuzunguka uwanjani usiku wa giza. Mmoja amevaa kanzu nyeupe, wa pili amejifunga kaniki. Aliye mbali ataona kanzu tu, ikienda na kurudi, ikienda na kurudi. Hatasema kwamba mtoto huyo azunguka bila kushikwa na mtu. Atajua ya kuwa wako wawili. Tena akiupima upana wa duara na upesi wa mwendo, ataweza kukisia kama yule wa kaniki ni mtoto mwenzake au ni mtu mzima mwenye uzito. Hiyo ndiyo mizani aliyoiacha Michell. Ilikaa miaka 188 bila kupata cha kupima.

Katika miaka hiyo hesabu ziliendelea. Mwaka 1915 Albert Einstein alitoa elimu mpya ya nguvu ivutayo vitu vyote. Mwaka 1930 kijana wa Kihindi wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, alipokuwa melini akienda kusoma Uingereza, alipiga hesabu zilizoonyesha ya kuwa nyota iliyokwisha moto wake, ikizidi uzito fulani, haiwezi kujitegemeza. Miaka mitano baadaye bingwa mashuhuri wa falaki, Arthur Eddington, alimcheka mbele ya watu. Lakini mwisho hesabu za kijana ndizo zilizosimama. Mwaka 1939 Robert Oppenheimer na mwanafunzi wake Hartland Snyder wakaonyesha kwamba nyota iangukayo ndani yake yenyewe yaweza kujifungia mbali na ulimwengu wote, hata nuru isitoke. Jina la shimo jeusi, ambalo watu wa leo walijua, lilienea tangu mwaka 1967. Hata hivyo hayo yote yalikuwa maandishi ya wino. Mbinguni kwenyewe hakuna aliyekuwa amelionyesha kwa kidole.

Msaada ulitoka upande usiotazamiwa. Miale ya eksirei, ile itumiwayo hospitali kupiga picha za mifupa, iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Vitu vyenye moto wa mamilioni ya digrii huitoa kwa wingi. Lakini hewa yetu huizuia isifike chini, nasi twapaswa kushukuru kwa hilo, maana ni miale ya hatari. Basi atakaye kuiona miale ya nyota hana budi kupandisha chombo chake juu ya hewa. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi, mtu wa Italia aliyefanya kazi Marekani, pamoja na wenzake, walirusha roketi kutoka jangwa la New Mexico, wakaona miale ikitoka mbali, nje kabisa ya jamaa ya Jua letu. Mwaka 1964 roketi nyingine iliyorushwa huko huko iliona mahali pengine penye miale mikali, katika kundi la Cygnus. Pakaitwa Cygnus X-1.

Shida ya roketi hizo ni kwamba zilikaa juu dakika chache tu, kisha zikaanguka. Ni kama mtu aruhusiwaye kuchungulia katika nyumba kwa kufumba na kufumbua, halafu aambiwe aeleze desturi za wenyeji. Palitakiwa chombo cha kukaa juu miezi na miaka, yaani setilaiti, izungukayo dunia. Giacconi na wenzake wakaitengeneza, yenye uzito wa kilo 140 hivi. Ndipo likaja swali la mahali pa kuirushia, na hapa habari yetu yafika nyumbani.

Kaskazini ya Malindi, katika ghuba ya Ungwana karibu na kijiji cha Ngomeni, yako majukwaa mawili ya chuma yaliyosimamishwa baharini kwa miguu mirefu. Moja laitwa San Marco na la pili Santa Rita. Yaliwekwa na Waitalia, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, na tangu mwaka 1967 hata 1988 roketi zilirushwa kutoka hapo kupeleka setilaiti juu. Hapana shaka wavuvi wa Ngomeni walizizoea kuliko watu wengi wa miji mikubwa ya ulimwengu.

Kwa nini hapo? Watu wengi hudhani ya kuwa Ikweta ni mstari uliochorwa katika ramani ili kuwasumbua wanafunzi. Kumbe ina faida kubwa. Dunia huzunguka kama pia, na sehemu zake zilizo Ikweta ndizo zenye mwendo mwingi kupita zote, zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa kuelekea mashariki. Roketi irushwayo hapo hupewa mwendo huo bure. Sababu ya pili ilikuwa kubwa zaidi kwa kazi hii. Juu ya bahari ya Atlantiki ya kusini pana mahali ambapo chembe zenye nguvu, zilizonaswa kwa nguvu ya sumaku ya dunia, hushuka chini kuliko kwingine. Chombo cha kuhesabia miale kikipita humo huchafukiwa hesabu zake. Setilaiti izungukayo juu ya Ikweta huepukana na mahali hapo kwa sehemu kubwa. Ngomeni ni kusini ya Ikweta kwa digrii tatu tu, na mbele yake kwa upande wa mashariki ni bahari tupu, ambapo vipande vya roketi vyaweza kuanguka bila kumdhuru mtu.

Basi tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ile ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba tangu kupata uhuru wake. Bibi Marjorie Townsend, mhandisi wa Marekani aliyeisimamia kazi hiyo, alitoa shauri kwamba setilaiti iitwe Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya watu wa Kenya waliowapokea. Jina likakubaliwa. Tangu hapo Mjapani, Mrusi na Mwamerika, kila asomaye habari za nyota za miale, hulisoma neno hilo la Kiswahili, ingawa pengine hajui maana yake. Hatusemi kwamba jina liliongeza nguvu ya chombo. Twasema tu kwamba limo katika kumbukumbu, na mtoto wa pwani anayo haki ya kujua limeingiaje.

Uhuru ilifanya kazi hata mwezi wa Machi 1973, ikaorodhesha mahali 339 patokapo miale. Mwaka 1979 ilishuka katika hewa ikateketea. Katika yote iliyoyaona, jambo la Cygnus X-1 ndilo lililowashtua watu mapema. Miale yake ilikuwa ikitetemeka kama mwali wa kibatari penye upepo, mara kadhaa katika sekunde moja. Msomaji asilipite jambo hili haraka. Kitu hakiwezi kuzima na kuwaka kwa umoja upesi kuliko nuru iwezavyo kupita ndani yake kutoka upande mmoja hata wa pili, kwa maana hakuna habari iendayo upesi kuliko nuru. Katika sehemu ya kumi ya sekunde nuru hupita kilomita 30,000. Upana wa Jua letu ni kilomita milioni 1.4. Basi kitu kile, kilichotoa miale mikali namna ile, kilikuwa kidogo mno kuliko Jua.

Lakini kilikuwa wapi hasa? Vyombo vya Uhuru vilijua upande itokako miale, kama mtu asikiaye ngoma usiku ajuavyo mtaa inakopigwa, asijue ni nyumba gani. Katika mtaa ule wa mbinguni nyota ni nyingi. Ikatokea kwamba katika mwaka 1971 miale ya Cygnus X-1 ilibadilika, na wakati ule ule mawimbi ya redio yakaanza kusikika kutoka mahali pale, ambapo kwanza hayakusikika. Darubini za redio huonyesha mahali kwa usahihi mkubwa. Wataalamu wa Uholanzi na wa Marekani, kila upande kwa kazi yake, walipapima, na pale pale penye alama yao ilikuwapo nyota ya samawati, HDE 226868, iliyokuwa ikingoja katika orodha ya Harvard.

Nyota yenyewe haikuweza kuwa ndiyo itoayo miale ile. Uso wake ni wa moto, lakini si wa mamilioni ya digrii. Tena ni kubwa mno isiweze kutetemeka upesi hivyo. Ndipo ikakumbukwa mizani ya Michell.

Kuijua mizani hiyo hakuhitaji elimu nyingi. Mtu asimamaye penye reli husikia king'ora cha gari moshi kikiwa chembamba lijapo, na kikiwa kinene likishapita. Nuru nayo ina tabia ya namna hiyo. Ikipitishwa katika kioo cha pembe tatu hutawanyika kama upinde wa mvua, na ndani ya rangi hizo mna mistari myeusi. Nyota ikija kwetu mistari husogea upande wa samawati, ikienda mbali husogea upande wa nyekundu. Huko Uingereza Louise Webster, mwanamke wa Australia, na Paul Murdin waliitazama nyota kwa darubini ya Isaac Newton, iliyokuwa wakati ule Herstmonceux, Sussex. Huko Kanada, karibu na mji wa Toronto, Tom Bolton, kijana Mmarekani, aliitazama peke yake. Wote waliona mistari ikienda na kurudi. Jitu lile la uzito wa Majua mengi lilikuwa likitupwa huku na huku kwa mwendo uzidio kilomita 60 kwa sekunde, likizunguka kwa siku 5.6. Alikuwapo mtu wa kaniki.

Habari ya Webster na Murdin ilitolewa Januari 1972, na ya Bolton mwezi uliofuata. Yafaa kuona jinsi watu hao walivyojizuia. Walikuwa na habari ambayo gazeti lo lote lingeipigia tarumbeta, lakini kichwa cha maandishi ya Webster na Murdin kiliuliza tu, kwa alama ya kuuliza mwishoni, kama mwenzake wa nyota hii ni mzito. Habari za shimo jeusi waliziweka kama jambo la kukisia. Twawasifu kwa hilo kuliko kwa darubini yao.

Maana kesi ilikuwa bado. Mashahidi walikuwa watatu: mwenzake ni mzito, kwa kuwa alitikisa jitu, ni mdogo, kwa kuwa miale yatetemeka, tena ni mweusi, kwa kuwa nyota ya kawaida yenye uzito huo ingeonyesha mistari yake katika nuru, na hakuna iliyoonekana. Mizoga ya nyota ya aina nyingine ina mipaka: ile iitwayo kibete cheupe haizidi uzito wa Jua moja na nusu, na ile ya nyutroni haifiki mbali kupita Majua mawili au matatu. Mwenzake alionekana kuzidi. Lakini wenye shaka waliuliza swali moja gumu. Je, mmejuaje kwamba nyota ya samawati ni jitu? Kama iko karibu kuliko mdhanivyo, basi ni ndogo, na kama ni ndogo, mwenzake naye ni mwepesi, na shimo jeusi halipo.

Hivyo kesi nzima ikaegemea juu ya umbali, jambo ambalo watu wasiojua hulidhani dogo. Mwaka 1973 ulipatikana ushahidi wa vumbi. Kati yetu na nyota za mbali mna vumbi jembamba, ambalo hugeuza nuru iwe nyekundu kidogo, kama Jua la magharibi wakati wa moto wa nyika. Wataalamu walilinganisha wekundu wa nyota hii na wekundu wa nyota nyingine za upande ule ule ambazo umbali wake wajulikana, wakaona ya kuwa nuru yake imepita vumbi jingi. Haiwezi kuwa karibu.

Hata baada ya hayo, walikuwapo waliopenda kungoja. Desemba 1974 Stephen Hawking, bingwa wa hesabu wa Cambridge, alifanya sharti na rafiki yake Kip Thorne wa California. Hawking alisema ya kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi, Thorne akasema ndilo. Jambo la kuchekesha ni kwamba Hawking mwenyewe alikuwa amefanya kazi kubwa juu ya mashimo meusi, akitumaini yapo. Lakini alitaka kuwa, yakikosekana, apate japo kifuta machozi, yaani gazeti la dhihaka liitwalo Private Eye kwa miaka minne. Thorne akishinda atapata kwa mwaka mmoja gazeti jingine, ambalo mwalimu halitaji mbele ya wanafunzi. Sharti likaandikwa, likawekwa ukutani katika ofisi ya Thorne. Mwaka 1990, Thorne alipokuwa safarini Moscow, Hawking aliingia ofisini humo pamoja na wenzake bila kumngoja mwenyewe, akakiri kwamba ameshindwa, akatia alama ya dole gumba katika hati.

Giacconi alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi yake ya miale, naye alifariki mwaka 2018.

Leo twajua zaidi jinsi wawili hao wanavyoishi. Umbali kati yao ni kama robo tu ya umbali kati yetu na Jua. Nyota ya samawati hutoa upepo mkali wa gesi, hata hupoteza kila mwaka uzito unaokaribia uzito wa dunia yetu. Sehemu ya gesi hiyo hunaswa na mwenzake. Haiangukii ndani moja kwa moja. Huzunguka kwanza kama maji yaingiayo katika mrija wa faneli, ikisuguana na kupata moto hata mamilioni ya digrii, na huko ndiko itokako miale. Baada ya mpaka fulani haionekani tena. Upana wa mpaka huo hauzidi kilomita 130 hivi, yaani kama mwendo wa kutoka Mombasa hata Malindi na kupita kidogo. Na humo mmefungwa uzito wa Majua mengi.

Majua mangapi? Swali la umbali lilirudi tena hapo. Mtu akinyosha kidole mbele ya uso wake na kufumba jicho moja, kisha la pili, ataona kidole kikihama mbele ya ukuta. Wataalamu hufanya hivyo kwa nyota, wakitumia mwendo wa dunia kulizunguka Jua badala ya macho mawili. Kwa sahani kumi za redio zilizotawanywa kutoka Hawaii hata visiwa vya bahari ya Karibi, walipima hivyo mwaka 2011, wakapata umbali wa miaka ya nuru 6,000 hivi na uzito wa mwenzake Majua 15. Wakapima tena kwa uangalifu zaidi mwaka 2016, wakiitazama siku sita mfululizo ili waone duara lake lote. Majibu yalitolewa Februari 2021, mwezi ule ule aliofariki Tom Bolton: umbali ni miaka ya nuru 7,200, na mwenzake asiyeonekana ni mzito kama Majua 21.

Wenye shaka wa mwaka 1972 walihofu kwamba nyota iko karibu kuliko ilivyodhaniwa. Kumbe ilikuwa mbali kuliko wote walivyodhani miaka arobaini baadaye. Na uzito huo mpya umeleta kazi nyingine. Shimo jeusi hili ni mzoga wa nyota iliyokuwa kubwa zaidi, nayo katika maisha yake ilikuwa ikipoteza gesi kwa upepo kama mwenzake apotezavyo sasa. Kwa hesabu za zamani za upepo huo, nyota ile isingebakiwa na uzito wa Majua 21 wakati wa kufa kwake. Kwa hiyo wanaoshughulika na upepo wa majitu ya samawati wamelazimika kuzishika kalamu zao tena na kuupunguza.